Mkia wa Guta

Asubuhi za Julai hapa Nkuhungu
guta langu hukohoa mara moja, kisha kimya.
Taa ya kijani inafifia kama jicho la kuku magharibi.
Madumu ishirini ya maji yamepangwa nyuma,
na Kizota kuna mama anasubiri kuosha vyombo.

Basi nafungua kiti. Boliti nne, spana namba kumi.
Moja imeliwa kichwa, hiyo hutoka kwa koleo na matusi.
Naing'oa betri, naikumbatia kama mtoto mwenye homa
mpaka kwa Chibago mwenye chaja,
elfu moja, na usiku kucha.
Suruali yangu imetobolewa na maji yake,
vitundu vidogo vidogo, kama punje za uwele.

Nikanunua chaja yangu. Kiti kikabaki kilekile.

Foibe Malogo, fundi wa Maili Mbili,
alilizunguka guta akiwa bado anatafuna muhogo.
"Betri haina kosa," akasema. "Kosa ni mlango.
Chakula kiko ndani, na wewe kila siku unabomoa ukuta.
Tutaliotesha mkia."

Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

"Ukishuka, unashukia upande gani?"
Nikacheka. Nani anajua jambo kama hilo?
"Panda. Shuka."
Nikapanda, nikashuka.
"Tena. Safari hii usijifikirie."
Nikashuka kushoto, mkono umeshika ukingo wa kiti,
na pale kidole gumba kilipotua
akaweka alama ya chaki.
Maishani mwangu aliyewahi kunipima ni fundi cherehani tu,
na yeye alikosea.

Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi,
hayo hata mimi nayajua.
Lakini fyuzi aliisogeza karibu na betri, shubiri haifiki:
"Mlinzi halali mtaa wa pili."
Akaupitisha waya juu ya fremu, mbali na ekzosi,
kwenye kona akauachia ulegevu kidogo,
kama kamba ya mbuzi unayemwamini.
"Waya na chuma vikisuguana," akasema, "chuma hakijawahi kushindwa."
Akakata tyubu kuukuu ya baiskeli, akauvisha.
Akafunga kamba za plastiki, moja, nyingine, nyingine,
akazikata ncha, akapitisha kidole,
akasikia ukali,
akatoa mkasi wa kucha kwenye pochi
akazinyoa upya.

Saa tano. Safari tatu za maji zimekwenda na upepo.
Vumbi limeshajaa kwenye meno yangu.
"Huko chini ya kiti," nikamwambia, "nani atapaona?"
Hakujibu. Kamba moja ilikuwa imekaa upande.
Aliikata, akafunga nyingine.

Mdomo wa soketi akauelekeza chini,
"usipokee mvua, usipokee vumbi,"
akauvika kofia ya mpira,
akabadilisha na ile boliti iliyoliwa kichwa, bila kuombwa.
Elfu kumi na tano.
Nikampa kumi na mbili na maneno mazuri.

Usiku nikapitisha waya dirishani,
juu ya kitanda cha mama yangu Mbeleje.
"Sasa na hilo nalo linakula usiku?"
"Linakula, mama."
"Kwa luku ya nani?"
Nikajifanya nimelala.

Saa kumi alfajiri, kiza, baridi ya kukata masikio.
Mkono ulishuka wenyewe, gumba likatua kwenye mpira.
Nikachomoa. Kofia, tap.
Guta likaitika kabla sijamaliza kuliita.

Juzi nilifungua kiti bila sababu.
Nilitaka tu kutazama.

Elfu tatu ya Foibe bado ninadaiwa.
Nikipita Maili Mbili napiga honi,
wala hanyanyui kichwa.
Amechuchumaa mbele ya pikipiki ya mtu mwingine,
chaki sikioni,
anamwambia: "Panda. Shuka.
Tena."